Kupatwa kwa jua au kwa mwezi: kupi ukungoje barazani, kupi ukufungie safari

Kila ikitangazwa kwamba jua litapatwa au mwezi utapatwa, maswali ni yale yale: na sisi tutaona? Saa ngapi? Macho hayataharibika? Siku hizi limeongezeka la nne, nalo limeletwa na tarehe 2 Agosti 2027, siku ambayo jua litapatwa lote huko Misri na Saudi Arabia: je, inafaa nitoe nauli niende Luxor au Jidda, ilhali mwezi unapatwa bure juu ya paa la nyumba yangu?

Nitayaweka matukio haya mawili ubavu kwa ubavu, lakini nisifiche msimamo wangu: hayalingani. Kupatwa kwa mwezi ni tukio la kila mtu, la mara kwa mara, lisilo na gharama wala hatari. Kupatwa kwa jua kikamilifu ni jambo jingine kabisa, na ndilo pekee la angani ninaloona linastahili mtu auze mbuzi. Shida ni kwamba katikati ya hayo mawili kuna aina nyingine tele za kupatwa, na watu huzichanganya na ile kubwa, wakapoteza fedha au wakarudi nyumbani wakisema "kumbe ndiyo hii tu?"

Chungwa, gololi na sentimita 21

Chukua chungwa la upana wa sentimita 8. Hiyo ndiyo dunia. Kwa kipimo hicho mwezi ni gololi ya sentimita 2 na kidogo. Mwambie mtu aiweke gololi mahali pake, naye ataiweka shubiri moja tu kutoka kwenye chungwa, kwa sababu ndivyo michoro ya vitabu vya shule ilivyotuzoesha. Mahali pake hasa ni umbali wa mita 2.4, yaani upande wa pili wa chumba. Na jua ni tufe la mita karibu 9, refu kama nyumba ya ghorofa mbili, nalo lipo kwa jirani wa mbali sana, karibu kilomita nzima.

Jua likimulika, gololi inatupa kivuli nyuma yake, na chungwa nalo linatupa chake. Kivuli cha gololi kikigusa chungwa, waliosimama pale kilipogusa wanaona jua limepatwa. Hilo haliwezekani ila mwezi ukiwa upande wa jua, zile siku ambazo hauonekani kabisa, kabla haujaandama. Gololi nayo ikiingia ndani ya kivuli cha chungwa, mwezi umepatwa, na hilo haliwezekani ila mwezi ukiwa mpevu, dunia ikiwa katikati.

Mbona basi hayatokei kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama nyuzi 5 hivi ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua. Nyuzi 5 zinasikika chache. Ila kwenye ule umbali wa mita 2.4 zinafanya gololi iweze kupita hadi sentimita 21 juu au chini ya mstari, na chungwa lenyewe lina sentimita 8 tu. Miezi mingi kivuli kinapita hewani bila kugusa kitu. Kama mara mbili kwa mwaka ndipo mambo hunyooka, kwa msimu wa siku 34 hivi, na ndani ya msimu huo jua hupatwa angalau mara moja mahali fulani duniani, na mwezi nao hupatwa wiki mbili kabla au baada, japo pengine kwa kiasi hafifu. Mwezi ulipopatwa tarehe 7 Septemba 2025 mbele ya macho yetu, jua lilifuata tarehe 21 Septemba, ila lilimegwa huko New Zealand na Antaktika, ambako wengi wa watazamaji ni pengwini.

Kivuli kipana, kivuli cha ncha

Hapa ndipo tofauti yote ilipo, na ukipaelewa hapa, mengine yote unaweza kuyakisia mwenyewe.

Kivuli kizito cha dunia, pale mwezi unapopita, kina upana wa kilomita zipatazo 9,000. Mwezi una kilomita 3,474. Kwa hiyo mwezi unaingia mzima na nafasi inabaki. Unakwenda karibu upana wake mmoja kwa saa, hivyo huchukua saa moja hivi kuzama, kisha unaweza kukaa humo saa nzima na zaidi. Kilele cha muda huo ni dakika 107 hivi. Ule wa tarehe 27 Julai 2018 ulifika dakika 103, mrefu kuliko wote wa karne hii, na kwa saa za Afrika Mashariki ulianza kuwa mwekundu saa nne na nusu usiku ukaendelea hadi baada ya saa sita. Mtu aliweza kula, kulaza watoto, kutoka nje tena na kuukuta bado. Na kwa kuwa ni mwezi wenyewe uliotiwa giza, kila aliye upande wa usiku anaona kitu kile kile kwa wakati ule ule: Cape Town, Kigoma, Maskati, Helsinki.

Kivuli kizito cha mwezi ni kinyume chake. Kinakwenda kikichongoka, na kinapofika kwetu kimebaki ncha. Kwenye dunia halisi upana wake, jua likiwa juu, hauzidi kilomita 270 hivi; kwenye chungwa letu ni nukta isiyofika milimita 2, alama ya kalamu. Na nukta hiyo inakimbia. Mchana katika ukanda wa ikweta, ambako dunia nayo inazunguka kwa kasi kuelekea upande uleule, kivuli kinapita kwa kilomita kama 1,700 kwa saa. Kwingineko kinapita kwa kasi zaidi. Ndiyo sababu kupatwa kurefu hutokea maeneo ya joto kama yetu, na hata huko kikomo chake ni dakika 7 na sekunde 32.

Tarehe 30 Juni 1973 wanasayansi walipanda Concorde, ndege iliyokwenda kasi kuliko sauti, wakakifukuza kivuli juu ya Sahara na kukaa ndani yake dakika 74. Waliobaki ardhini, hata pale palipokuwa parefu zaidi, walipata dakika 7 na sekunde 4. Kivuli hicho hicho kilipita Uganda na kaskazini mwa Kenya kabla ya kuishia Bahari ya Hindi.

Kwa hesabu ya wastani, mahali pamoja pa dunia hungoja miaka kama 375 kati ya kupatwa kikamilifu kumoja kwa jua na kwingine. Kupatwa kwa mwezi unaweza kukuona mara kadhaa kila baada ya miaka michache bila kutoka uani kwako. Mtu akikwambia "mimi nimeona vyote, mwezi na jua", muulize jua lilipatwa kiasi gani. Mara nyingi utakuta aliona kumegwa.

Asilimia 95 haiko karibu na 100

Sehemu hii naisisitiza kuliko zote, maana ndiyo inayowaponza watu wanapochagua.

Jua hupatwa kwa namna tatu. Kikamilifu, mwezi ukiwa karibu kiasi cha kulifunika lote. Kipete, mwezi ukiwa mbali kidogo na ncha ya kivuli ikaishia hewani kabla ya kufika ardhini, pakabaki mduara wa moto pembeni. Na kwa sehemu, kwa wale walio nje ya njia ya kivuli. Yote haya yanatokana na sadfa moja: jua lina upana wa mara 400 hivi ya mwezi, na liko mbali mara 400 hivi vilevile, kwa hiyo machoni petu yanaonekana sawa. Mwezi husogea kati ya kilomita zipatazo 356,500 na 406,700 kutoka kwetu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utapata giza au pete.

Tarehe 1 Septemba 2016 Tanzania ilipata pete. Watu walimiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, na mahali ambapo tukio lilifikia kilele chake palikuwa kusini mwa nchi hiyo hiyo, muda mfupi baada ya saa sita mchana. Mwezi ulifunika asilimia 97 ya upana wa jua kwa dakika 3 hivi. Ni tukio zuri sana, na kuliona kwenye ardhi yako bila pasipoti ni bahati. Ila fanya hesabu: eneo la jua lililobaki wazi lilikuwa asilimia 5 hivi. Jua linang'aa mara 400,000 ya mwezi mpevu, kwa hiyo asilimia 5 yake bado ni mwezi mpevu 20,000. Hilo si giza. Ni mchana uliopoa, mwanga unaofanana na wa taa ya fedha, vivuli vyenye kingo kali kuliko kawaida. Nyota hazitoki. Miwani haivuliwi hata sekunde moja.

Ikibaki asilimia 1 tu, bado ni mwezi mpevu 4,000. Kisha ile asilimia moja inaondoka, na katika sekunde chache unaingia dunia nyingine. Upande wa magharibi anga linakuwa la bluu nzito kama mvua inakuja, bila wingu. Ukingoni mwa mwezi mwanga unakatikakatika kuwa shanga, kwa sababu unapenya kwenye mabonde ya mwezi na kuzibwa na milima yake. Shanga moja inabaki ikiwaka, kisha inazima. Mahali pa jua pana shimo jeusi, na kulizunguka kuna taji jeupe lenye nyuzinyuzi ndefu. Taji hilo lipo siku zote, wanasayansi huliita korona, ila mwanga wa jua wenyewe hulificha. Zuhura anaonekana mchana. Ubaridi unakugusa mikononi, ndege wanarudi vioteni, na upeo wa macho pande zote una rangi ya magharibi. Hapo, na hapo tu, miwani huvuliwa.

Hakuna kupatwa kwa mwezi kunakofanya hivyo, na hakuna pete wala kumegwa kunakofanya hivyo. Ukiwa kilomita 10 nje ya ukanda wa kivuli hupati "kasoro kidogo", umekosa.

Ndani ya kundi la kupatwa kikamilifu nako kuna viwango. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli kilipita Gabon, Kongo, kaskazini magharibi mwa Uganda, Turkana, kikaishia Somalia. Pakwach, Uganda, giza lilidumu sekunde zipatazo 20. Kwa aliyekuwa anakaa Gulu au Arua, kwenda kulikuwa lazima. Kwa anayepanda ndege kutoka bara jingine kwa ajili ya sekunde 20, huyo tayari ana ugonjwa wake.

Mwezi una nini cha kujibu?

Una mengi, ila ya aina tofauti. Mwezi uliozama kwenye kivuli haupotei. Unakuwa mwekundu wa shaba. Mwanga unaoufikia umepenya pembezoni mwa angahewa letu, ukapinda, na njiani rangi ya bluu ikatawanyika ikabaki nyekundu. Yaani unachokiona usoni mwa mwezi ni mwanga wa macheo na machweo yote ya dunia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo rangi ile inatoa habari za hewa yetu. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991 na kujaza majivu na ukungu wa salfa angani, mwezi uliopatwa Desemba 1992 ulikuwa mweusi kiasi cha kutafutwa.

Pia ni mwalimu bora kuliko jua. Wakati wa kumegwa, tazama ukingo wa kivuli juu ya mwezi: ni mviringo, kila mara, kokote mwezi uwapo angani. Aristotle alilitumia hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kama ushahidi kwamba dunia ni tufe, na hoja yake haijachuja. Ukiwa na mtoto wa darasa la sita anayechora, mwambie auchore mwezi kila baada ya dakika 10, kisha amalizie ule mduara wa kivuli kwenye karatasi. Atakuta kivuli ni kikubwa zaidi ya mara mbili na nusu ya mwezi, na hapo amepima kitu cha angani kwa penseli. Jua halikupi nafasi hiyo. Dakika zake unazitumia kushangaa.

Lakini mwezi nao una wa kuepuka. Kuna kupatwa kwa kivuli hafifu, mwezi unapopita pembeni tu pasipo na giza zito. Magazeti hukutangaza kwa vichwa vikubwa, watu wanatoka nje, wanakuta mwezi wa kawaida wenye kivuli kama cha vumbi upande mmoja, pengine hata hicho hawakioni. Lala tu.

Macho

Kwa mwezi: tazama upendavyo. Macho matupu, darubini, simu, lala chali juu ya mkeka. Ni mwanga dhaifu kuliko ule wa mwezi mpevu ambao umeutazama maisha yako yote.

Kwa jua: miwani maalumu yenye alama ya ISO 12312-2, au kioo cha mchomeleaji namba 14. Miwani ya kawaida ya jua haifai hata ukivaa tatu. Filamu ya eksirei haifai, sidii haifai, na ile beseni ya maji tuliyofundishwa na wazee haifai pia, maana maji yanaakisi jua lenyewe. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina mishipa ya maumivu. Inaungua kimya, na habari unaipata baadaye ukitaka kusoma ukakuta doa katikati ya maneno. Ukiwa na darubini, kichujio hukaa mbele kwenye kioo kinachopokea mwanga, kamwe si nyuma kwenye jicho.

Kwa watoto wengi bila miwani ya kutosha, simama nao chini ya mwembe. Mapengo madogo kati ya majani yanafanya kazi ya tundu la sindano, na jua likimegwa ardhi yote inajaa visura vya hilali, mamia, vikicheza upepo ukivuma. Wakati wa kipete vinakuwa vijiduara. Chujio la jikoni likinyanyuliwa juu ya karatasi nyeupe hufanya hivyo hivyo. Mgongo kwa jua, macho chini. Hapa ndipo jua linapomshinda mwezi kwa shule: linapatwa saa za masomo, wakati mwezi huwakuta wanafunzi makwao, wengine usingizini.

Mawingu

Mwezi ukipatwa saa tatu na zaidi jumla, wingu likipita utasubiri. Jua likipatwa dakika 2, wingu moja likikaa mahali pasipofaa limemaliza safari, nauli na hoteli. Ndiyo maana wanaofukuzia jua huchagua jangwa kwanza, mandhari baadaye, na huwa na gari tayari.

Kwa watu wa pwani

Mvuvi yeyote anajua bamvua huja mara mbili: mwezi ukiwa mpevu na mwezi ukiwa haupo. Ni mpangilio ule ule wa jua, dunia na mwezi kwenye mstari. Kwa hiyo kupatwa kokote, kwa jua au kwa mwezi, huangukia majira ya bamvua, na maji hujaa na kukupwa sana siku hiyo na moja au mbili zinazofuata. Hapa hakuna cha kuchagua. Wote wawili wanakuletea mwamba mkavu.

Kwa wanaofuatilia kuandama, jua lina jambo la ziada. Siku linapopatwa ndiyo siku pekee unapouona kwa macho ule wakati ambao wanafalaki hubishania kwenye makaratasi, mwezi wa zamani unapoisha na mpya unapoanza. Tarehe 2 Agosti 2027 wakati huo utakuwa saa saba na dakika chache mchana kwa saa za Nairobi. Jioni yake mwezi utakuwa na umri wa saa tano hivi, mchanga mno kuonekana kwa macho, kwa hiyo atakayedai kauona magharibi ya siku hiyo atakuwa na kazi ya kujieleza. Misikitini swala ni moja kwa matukio yote mawili kwa mpango wake, rakaa mbili zenye rukuu mbili mbili, na Mtume alikwishakata mzizi wa uvumi pale jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, mwaka 632: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Tofauti ni kwamba imamu wa usiku wa mwezi ana nafasi ya kurefusha kisomo. Wa jua kikamilifu anaswalisha wakati waumini nusu wanatamani kuwa uani.

Sasa chagua

Kama huna mpango wa kusafiri, weka tarehe hizi za mwezi. Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utachomoza Afrika Mashariki ukiwa tayari umemegwa, utakuwa mwekundu muda mfupi baada ya saa moja usiku hadi karibu saa mbili na nusu, na wengi watakuwa nje hata hivyo wakingoja mwaka mpya. Usiku wa kuamkia 21 Desemba 2029 utapatwa tena kikamilifu, kilele chake kikiwa baada ya saa saba na nusu za usiku, kwa dakika 54. Huo ni wa wenye moyo, au walinzi.

Kama una akiba ya safari moja ya namna hii maishani, nenda 2027. Luxor itapata giza la zaidi ya dakika 6, kilele cha tukio lote kikiwa dakika 6 na sekunde 23. Jidda itapata kama dakika 6 na Makka kama 5. Agosti huko ni joto la kuchoma, lakini mawingu ni nadra. Atakayekwenda Umra anaweza kupanga tarehe zake zikutane. Walioko Maskati, Dubai au Doha wanaweza kudhani wameshaona hayo, kwa kuwa sehemu za Ghuba zilipata pete Desemba 2019, na Oman tena Juni 2020. Hawajaona, ile ilikuwa pete. Anayebaki Nairobi, Kampala au Mombasa siku hiyo ataona jua limemegwa upande, na kwake mwembe na chujio vinatosha.

Tukio la 2027 lina undugu na lile la 1973 lililopita Turkana. Kupatwa hujirudia kwa mfululizo wa miaka 18, siku 11 na saa 8. Zile saa 8 huzungusha dunia theluthi moja, kivuli kikaangukia upande mwingine wa ulimwengu. Baada ya mara tatu, miaka 54 na mwezi mmoja, kinarudi karibu na pale pale. Hesabu kuanzia 30 Juni 1973 na utafika 2 Agosti 2027. Kivuli kimepanda kaskazini kidogo tu, ndiyo maana safari hii ni Misri badala ya Kenya.

Na kama Misri ni mbali na mfuko, kuna chaguo la kati: tarehe 21 Mei 2031, asubuhi, pete nyingine itapita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania. Litakuwa basi la mkoani badala ya ndege. Nenda ukijua unakwenda kuona pete, si giza, na ununue miwani mapema kabla wachuuzi hawajaanza kuuza ya bandia stendi. Kisha tafuta ramani ya ukanda wenyewe na uchague mji ulio karibu na mstari wa katikati, maana pembezoni pete inakuwa nyembamba upande mmoja na inadumu sekunde chache tu.